Karatasi iliyo mbele ya msaili

Mara ya kwanza nilipokaa upande wa pili wa meza, yaani upande wa wanaouliza, nilikabidhiwa karatasi moja kwa kila msailiwa. Kushoto ziliandikwa sifa sita za nafasi iliyokuwa wazi, kulia palikuwa na visanduku vya alama kuanzia 1 hadi 5, na katikati pameachwa wazi, juu yake pakiwa na maneno mawili: "Ushahidi uliosikika."

Msailiwa wa kwanza alizungumza kama chiriku. Alituamkia vizuri, akacheka pale pa kucheka, akasema yeye ni mchapakazi, anajituma, anapenda changamoto, anaweza kufanya kazi na wenzake na hata akiwa peke yake. Wajumbe wote watatu wa jopo tulimpenda. Alipotoka nikaitazama karatasi yangu: katikati peupe kabisa. Sikuwa na hata jambo moja la kuandika, na alama bila maelezo haikukubalika. Aliyemfuata alikuwa na sauti ya chini, vidole vikimtetemeka, lakini alituambia hivi: "Nilikuta daftari la mapokezi na daftari la malipo hayalingani. Nikakaa nayo siku tatu, nikagundua risiti za zamu ya usiku zilikuwa zinaandikwa tarehe ya kesho yake." Kalamu zote tatu zikaanza kwenda kwa pamoja.

Wengi hujiandaa kwa usaili kana kwamba wanakwenda kuposa: nguo, tabasamu, maneno matamu. Sisemi hayo ni bure. Lakini mtu wa jopo ana kazi ya kuandika, na baada yako wanaingia wengine wanane. Jioni, majina yakishaanza kuchanganyika, atakachokuwa nacho ni karatasi. Kwa hiyo swali la kuanzia maandalizi si "nitawafurahisha vipi?" bali "nitawapa nini cha kuandika?"

Karatasi ilitoka wapi

Kwa muda mrefu usaili ulikuwa maongezi tu. Mwenye kazi anakutazama, anakuuliza linalomjia, kisha anasikiliza moyo wake unasemaje. Wataalamu walipoanza kuupima mtindo huo, walikuta mambo ya aibu. Mwaka 1915 mwanasaikolojia wa Marekani Walter Dill Scott aliwafanya mameneja wa mauzo wawasaili waombaji walewale, kila meneja kivyake, kisha akalinganisha hukumu zao. Hazikukaribiana. Mwombaji aliyewekwa juu na huyu aliwekwa chini na yule. Miaka mitano baadaye, 1920, Edward Thorndike alichunguza alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa walio chini yao. Alama za akili, umbo, uongozi na tabia zilikwenda pamoja kupita kiasi, kana kwamba ofisa akishapendezwa na jambo moja, mwanga wa jambo hilo humulika mengine yote. Ndiyo maana mtanashati huonekana pia mwerevu, na mwenye kigugumizi huonekana hajui.

Thomas Edison alijaribu kukwepa tatizo hilo kwa njia yake. Aliwapa waliotaka kazi kwake mtihani wa maswali zaidi ya 100 ya maarifa ya kila namna. Maswali yakavuja magazetini mwaka 1921, na Albert Einstein, aliyekuwa ziarani Marekani, akaulizwa mojawapo: sauti husafiri kwa mwendo gani? Akajibu kwamba hajazi kichwani mambo yanayopatikana kitabuni. Kwa mtihani ule, huenda naye asingepata kazi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Jason Dana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013. Waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuwasaili wenzao na kukisia matokeo yao ya masomo. Baadhi ya wasailiwa walipewa maagizo ya siri: wajibu ndiyo au hapana kwa kufuata herufi za maneno ya mwisho ya swali, bila kujali ukweli. Majibu hayo hayakuwa na maana yoyote. Wasaili hawakushtuka. Waliondoka wakiamini wamemfahamu mtu waliyezungumza naye, na makisio yao yakawa mabaya kuliko kama wangetazama alama za zamani peke yake. Akili ya binadamu, ikipewa vipande visivyohusiana, hushona nguo.

Dawa ilianza kuonekana mapema. Mwaka 1955 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alikuwa kijana wa miaka 21 jeshini Israeli na akapewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Alichagua sifa sita, akaandaa maswali ya kweli kuhusu maisha ya nyuma ya kila kijana (umefanya kazi gani, uliwahi kwa kiasi gani, ulicheza michezo mara ngapi), na akaagiza kila sifa ipewe alama yake kabla ya kuhamia inayofuata. Wasaili walinung'unika kwamba anawageuza mashine. Makisio yao yakawa bora kuliko ya mwanzo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti za miongo mingi, usaili wenye mpangilio wa namna hiyo, maswali yaleyale kwa wote na alama kwa kila jibu, ulishika nafasi ya kwanza kati ya njia zinazotabiri utendaji wa mtu kazini. Usaili wa maongezi huru ulibaki nyuma sana.

Nimechukua muda kwenye historia hii kwa sababu inaeleza kile utakachokutana nacho. Taasisi kubwa zimekuwa zikihamia kwenye karatasi, na jopo linalokusikiliza huku limeinama likiandika halikudharau. Linafanya kazi yake. Waajiri wadogo, na mabosi wengi wanaojiamini, bado wanapiga soga. Hujui utaangukia wapi, lakini unaweza kuuliza. Aliyekupigia simu kukuita, mwulize kwa adabu: jopo lina watu wangapi, usaili utachukua muda gani, kuna sehemu ya kuandika au ya vitendo? Sijawahi kuona mtu aliyepunguziwa alama kwa maswali hayo, ila nimewaona waliofika bila miwani siku ya mtihani wa kusoma.

Mtihani uliovuja

Karatasi ya alama haitungwi hewani. Hutolewa kwenye maelezo ya kazi, na maelezo ya kazi ndiyo yaliyofupishwa kuwa tangazo. Maana yake, sehemu kubwa ya maswali utakayoulizwa umeshaisoma. Watu hulisoma tangazo siku ya kuomba, wakaangalia elimu, miaka ya uzoefu na tarehe ya mwisho, kisha wakalisahau. Wengine hata hawakulihifadhi, na tangazo likishaondolewa ndipo wanaitwa. Lihifadhi siku unapotuma maombi.

Chukua tangazo la mtunza ghala. Limeandikwa: awe mwaminifu, makini, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, mwenye uwezo wa kutumia kompyuta kuweka kumbukumbu, na awe tayari kufanya kazi kwa zamu. Mwombaji wa kawaida husoma akasema, "Haya yote ninayo." Mwombaji anayejiandaa hujiuliza kwa nini waliyaandika. Neno "mwaminifu" kwenye ghala lina maana kwamba vitu hupotea. Basi swali litakuja kuhusu siku uliyokuta hesabu pungufu: ulimwambia nani, baada ya muda gani, na ulifanya nini ilipobainika ni rafiki yako. "Bila kusimamiwa" maana yake msimamizi yuko jengo jingine, pengine mji mwingine. Watataka kusikia uamuzi ulioufanya peke yako na mpaka ambao hukuuvuka. "Makini" ni kuhesabu. Ukienda na mfano wa jinsi ulivyozoea kuhakiki bidhaa (kila wiki rafu moja, au mara moja kwa mwaka zote kwa pamoja) umeshazungumza lugha yao.

Tazama pia mpangilio wa tangazo. Jambo lililotangulia mara nyingi ndilo linalowauma, na lililorudiwa kwa maneno tofauti mara mbili linawauma zaidi. Kama "uwezo wa kufanya kazi kwa shinikizo" limeandikwa mahali pawili, kuna mtu aliyeondoka akiwa amechoka. Hiyo nayo ni habari, na ni yako kuipima.

Kisha itafute taasisi yenyewe. Hapa watu hukariri mwaka wa kuanzishwa na maneno ya dira, vitu ambavyo hakuna mjumbe wa jopo anayevikumbuka. Tafuta mambo matatu tu: wanauza au wanahudumia nini hasa, nani anawalipa, na mwaka huu wamebadilisha nini. Ukiyajua hayo, unaweza kueleza kwa nini umeomba kazi hapo bila kusema "kwa sababu ni taasisi kubwa inayoheshimika."

Visa, si sifa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ningekushauri utumie nusu ya muda wako wote wa maandalizi.

Maswali ya usaili wenye mpangilio huwa ya aina mbili. Aina moja inatazama nyuma: "Tueleze wakati ulipotofautiana na mkuu wako." Nyingine inatazama mbele: "Tuseme umefika asubuhi ukakuta mwenzako amelewa, utafanya nini?" Zote zilianza kufanyiwa utafiti wa kina katika miaka ya 1980, ya mbele kupitia kazi ya Gary Latham na wenzake ya mwaka 1980, ya nyuma kupitia ya Tom Janz ya mwaka 1982. Aina ya nyuma inajengwa juu ya imani kwamba mtu hurudia alivyozoea kufanya. Huwezi kulijibu swali lake kwa sifa. Linataka kisa.

Andika visa saba vya kweli kutoka kazini, masomoni, kwenye kujitolea, hata kwenye majukumu ya nyumbani kama hujawahi kuajiriwa. Aliyesimamia matibabu ya mzazi kwa miezi minane, akipanga dawa, fedha na zamu za ndugu, ana kisa cha kuratibu ambacho wahitimu wengi hawana. Saba vinatosha, kwa sababu kisa kimoja hujibu maswali kadhaa kutegemea unakigeuza upande gani. Hakikisha kimojawapo ni cha kushindwa, kingine cha mgogoro na mtu, kingine cha kujifunza jambo usilolijua kabisa.

Kila kisa kina hali iliyokuwapo, jukumu lililokuwa lako, ulichofanya, na kilichotokea. Huu ni mpango unaofundishwa kila mahali na hauna ubaya. Ubaya uko kwenye uwiano. Watu hutumia dakika moja na nusu kueleza hali, nani alikuwa bosi, ofisi ilikuwa ghorofa ya ngapi, kisha sekunde kumi kwa walichofanya. Geuza. Ukiwa na dakika mbili, hali na jukumu vichukue sekunde 30, matokeo 20, na muda wote uliobaki uwe wa vitendo vyako.

Mfano. Mtu anaulizwa aliwahi kuboresha nini kazini. Jibu la kwanza: "Nilikuwa kwenye huduma kwa wateja, tulikuwa na changamoto ya foleni, lakini kwa ushirikiano mzuri tuliweza kuipunguza na wateja wakafurahi." Sasa jiweke kwenye kiti cha msaili uandike ushahidi. Utaandika nini? "Foleni. Ushirikiano." Alama 2.

Jibu la pili: "Nilikuwa dirishani, na mwisho wa mwezi mteja alisubiri hadi dakika 90. Kwa wiki nzima nikawa naweka alama kwenye karatasi, kila mteja kaja kwa shida gani. Karibu nusu walikuwa wanataka fomu moja tu iliyogongwa muhuri. Nikamwonyesha msimamizi ile karatasi, nikaomba meza ndogo pembeni kwa ajili ya fomu hiyo, nami nikajitolea kuikalia siku tatu za kwanza kwa sababu wenzangu waliona itawaongezea kazi. Mwezi uliofuata kusubiri kukashuka hadi kama dakika 40. Tatizo la siku za sikukuu halikuisha." Hapa msaili ana kuhesabu, ana kushawishi mkubwa, ana kupunguza upinzani wa wenzake, ana tarakimu mbili. Sentensi ile ya mwisho, kwamba tatizo halikuisha lote, ndiyo inayomfanya aamini yaliyotangulia.

Sasa neno kuhusu "sisi." Lugha yetu imetulea kutojikweza, ukisema "nilifanya, nikaamua, nikaongoza" masikio yako mwenyewe yanakuona mwenye majivuno. Basi tunakimbilia "tulifanya," na jopo linabaki linajiuliza wewe ulikuwa wapi kati ya hao "sisi." Nimewahi kumsikia msailiwa akieleza mradi mzuri kwa dakika tano bila kutumia "ni-" hata mara moja, mpaka mwenyekiti wa jopo akamwuliza kwa upole, "Na wewe, ndugu yangu, ulishika kipi?" Njia ya kutoka ni kutaja kundi mara moja, kwa heshima yake, kisha kuingia kwenye sehemu yako: "Tulikuwa wanne. Mimi nilishika hesabu." Hapo hujajisifu. Umeeleza mgawanyo wa kazi.

Visa viwe vya kweli, na sababu si maadili pekee. Msaili mzuri huchimba: nani alipinga? Ulijuaje ni dakika 40? Ungerudia, ungebadilisha nini? Kisa cha kubuni huporomoka kwenye swali la tatu, kwa sababu uongo una mwanzo na mwisho lakini hauna pembeni.

Maswali ya mbele yanahitaji jambo jingine: mpangilio wa fikra. Mwenzako amelewa kazini. Usikimbilie hukumu. Sema cha kwanza ni nini (usalama: asiendeshe mashine wala gari), cha pili ni nani anatakiwa kujua, cha tatu nini kiandikwe, na wapi mamlaka yako yanaishia. Kama swali lina tundu, uliza: "Je, mimi ni msimamizi wake au ni mwenzake?" Wengine huogopa kuuliza, wakidhani wataonekana hawajui. Kwenye karatasi nyingi nilizojaza, kuuliza kabla ya kuamua ni alama.

Maswali matatu yanayoumiza

"Tueleze kuhusu wewe" linaonekana jepesi na ndilo linaloharibu wengi, kwa kuwa halina kingo. Watu huanza walipozaliwa. Jopo lina wasifu wako mkononi, halihitaji usomewe. Tumia dakika moja: unafanya nini sasa, kitu gani ulichowahi kufanya kinachofanana zaidi na kazi hii, na kwa nini uko mbele yao leo. Kisha nyamaza.

"Udhaifu wako ni upi?" Yule aliyeanzisha jibu la "napenda ukamilifu kupita kiasi" amewafanya wasaili wa dunia nzima wachoke. Taja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, na hatua unayochukua ambayo mtu anaweza kuiona. "Nilikuwa nachelewa kuomba msaada. Sasa nikikwama zaidi ya saa moja, namwandikia msimamizi." Mhasibu asiseme anakosea tarakimu.

"Kwa nini uliondoka kazi ya awali?" Kama ulifukuzwa, ulipunguzwa au uligombana, andaa sentensi mbili, fupi, za kweli, zisizomtukana mtu, na uzizoee mdomoni hadi zisikukwaze. Jopo halitishwi sana na jambo lenyewe. Linatishwa na mtu ambaye bado anavuja damu anapolieleza.

Mdomo ufanye mazoezi

Kujiandaa kwa kusoma peke yake hudanganya. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kuikumbuka habari bila kuitazama waliikumbuka vizuri zaidi siku kadhaa baadaye kuliko waliorudia kuisoma, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Ndivyo ilivyo hapa. Ukivisoma visa vyako mara kumi utajiona uko tayari, na siku yenyewe ulimi utakwama. Funika karatasi, jiulize swali, jibu kwa sauti. Jirekodi kwa simu. Kusikiliza sauti yako mwenyewe kunachukiza, nakubali, lakini dakika kumi za karaha hiyo zitakufunulia kwamba unasema "yaani" kila baada ya maneno matano na kwamba kisa cha dakika mbili unakieleza kwa sita.

Usikariri neno kwa neno. Aliyekariri anasikika: macho yanapanda darini kutafuta mstari unaofuata, na akikatizwa katikati anarudi mwanzo kama aliyepotea njia. Kariri vituo tu: dakika 90, karatasi ya wiki, meza ndogo, dakika 40. Maneno yatajipanga yenyewe, kila mara tofauti kidogo, kama mtu anavyosimulia jambo lililomtokea.

Woga je? Hauondoki kwa kuambiwa "tulia." Alison Wood Brooks alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia "nimesisimka" walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia." Moyo unaodunda ni uleule, kinachobadilika ni jina unalolipa dundo hilo. Pia, ukimya wa sekunde tano kabla ya kujibu si kosa. Kwako ni mrefu kama usiku, kwa jopo ni muda wa kumaliza kuandika.

Kuhusu mwili na mavazi, sitakaa sana. Vaa kama wanavyovaa watu wa kazi ile siku yenye mgeni. Nguo iwe imeshavaliwa angalau mara moja, ili usijue siku hiyo kwamba kola inakaba. Na utakapoambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na maneno ni asilimia 7 tu, usipoteze usingizi. Tarakimu hizo zilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967 kuhusu jinsi watu wanavyotambua hisia pale neno linapopingana na sauti au uso. Hayakuhusu kueleza jinsi ulivyotatua foleni. Kama yangehusu, tungewasaili watu kwa lugha tusiyoijua.

Kwa usaili wa mtandaoni, mambo ni machache: mwanga uwe mbele yako na si nyuma, kamera usawa wa macho, simu ikiwa na namba ya mtu wa kumpigia mtandao ukikatika. Visa vyako bandika ukutani nyuma ya kompyuta kwa maneno machache. Ni nafuu ambayo chumba cha usaili hakikupi.

Mshahara, na yasiyoulizwa

Swali la mshahara huja mwishoni, mtu akiwa amechoka, na hapo hupotea fedha ambazo huchukua miaka kurudi. Amos Tversky na Kahneman walieleza mwaka 1974 jinsi namba ya kwanza kutajwa inavyovuta makadirio yote yanayofuata, hata ikiwa namba yenyewe haina msingi. Ukitaja kwanza bila kujua soko, unaweza kujifunga mwenyewe. Kwa hiyo fanya utafiti kabla: matangazo ya kazi zinazofanana, viwango vya mishahara vilivyochapishwa pale vinapopatikana, na watu wawili watatu walio kwenye fani. Ukiulizwa, unaweza kuanza kwa kuuliza, "Nafasi hii imepangiwa kati ya kiasi gani na kiasi gani?" Wakisisitiza utaje, taja kiwango ambacho sehemu yake ya chini bado utaifurahia, kwa sababu mara nyingi ndiyo watakayoishika.

Kuhusu mshahara wako wa sasa, sheria zinatofautiana. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuwazuia waajiri kuuliza historia ya mshahara, na mengine yakafuata. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo lenye katazo hilohilo, na pia linalomtaka mwajiri amjulishe mwombaji kiwango cha mshahara mapema. Mantiki yake ni rahisi: aliyelipwa kidogo jana asilipwe kidogo kesho kwa sababu ya jana. Mahali pasipo na sheria hiyo, una hiari ya kurudisha mazungumzo kwenye thamani ya kazi iliyo mbele yenu. Kudanganya kiasi, hata hivyo, ni hatari, kwani hati za malipo huombwa.

Yapo pia maswali ambayo nchi nyingi zimeyawekea mpaka: ulemavu, ujauzito, dini, mpango wa kuzaa. Kwa mfano, sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu hairuhusu mwajiri kuuliza habari za ulemavu kabla ya kutoa kazi, ila anaweza kuuliza kama mtu ataweza kutekeleza majukumu yaliyotajwa. Ijue sheria ya kwenu kabla ya siku. Mara nyingi anayeuliza hana nia mbaya, ana mdomo mrefu tu, na jibu linaloelekea kwenye wasiwasi wake humtosha: "Kama unaulizia kuhusu safari za kikazi, niko tayari kusafiri." Asiyeridhika na hilo amekupa ushahidi wa kuandika kwenye karatasi yako wewe.

Maana nawe una karatasi. Wakikwambia, "Una swali kwetu?" usiseme hapana. Uliza jambo ambalo jibu lake linaweza kukufanya ukatae kazi: aliyekuwa kwenye nafasi hii amekwenda wapi? Baada ya miezi sita mtajua kwa kipimo gani kwamba mtu huyu amefaa? Kati ya majukumu yaliyoandikwa, lipi linachukua muda mwingi kuliko linavyoonekana? Niliwahi kuuliza hilo la mwisho kama msailiwa. Wajumbe wawili wakatazamana, wa tatu akacheka, na kwa dakika tano nikaelezwa kazi halisi, ambayo haikufanana sana na tangazo.

Ukitoka, kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote, kaa mahali uandike maswali yote uliyoulizwa na pale ulipobabaika. Kumbukumbu hiyo hufifia upesi, na ndiyo mazoezi ya usaili utakaofuata. Baada ya siku moja au mbili tuma shukrani fupi, mistari mitatu. Ukikosa nafasi na ukitaka kujua sababu, usiulize "nilikosea wapi?", swali ambalo afisa rasilimali watu atalikwepa kwa kuogopa mgogoro. Uliza dogo zaidi: "Katika sifa mlizokuwa mkizipima, ipi ilihitaji ushahidi zaidi kutoka kwangu?" Hiyo anaweza kuisoma moja kwa moja kwenye karatasi yake.